Magitaa tisa, chumba kimoja: niuze au nisiuze?

SWALI

Mama Mshauri, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, umri wangu ni miaka 58, kwa hivyo nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nina mke na watoto wanne. Kitinda mimba yuko Chuo Kikuu cha Maseno, mwaka wa pili. Tatizo langu wengine watalicheka, ndiyo maana nimekuandikia wewe badala ya kulipeleka kwa wazee wa kanisa.

Nina magitaa tisa ya umeme.

Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba vitatu vya kulala, mtaa wa Tom Mboya. Tangu wavulana waanze kujitegemea, chumba cha tatu kimekuwa cha magitaa. Mapema mwaka huu binti yetu alirudi nyumbani na mtoto mchanga. Ndoa yake imeingia doa, na mengine sitayaeleza hapa. Wanalala sebuleni. Jioni moja tukinywa chai, mke wangu aliniambia, "Mwalimu, mtoto huyu atalala sebuleni hadi lini?" Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo kila nikifungua mlango wa kile chumba nahisi natazamwa.

Nikueleze ni magitaa gani, maana hayalingani. Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga solo katika bendi ya benga iliyozunguka Kisumu, Siaya na Homa Bay. Alipofariki mwaka 2009 aliniachia Stratocaster nyekundu iliyotengenezwa Japani miaka ya 1980. Akiwa kitandani aliniambia, "Litunze hili." Ndiyo maneno ya mwisho tuliyozungumza kuhusu muziki. Wakati huo nilikuwa na magitaa mawili tu: Yamaha Pacifica niliyonunua kwa mkopo wa kwanza wa sacco, na Squier moja ya mitumba. Mengine yalifuata. Kuna Telecaster ya kiwanda cha Mexico, Squier ya pili, Epiphone nyeusi ya umbo la Les Paul, na Epiphone nyingine yenye tumbo la uwazi ambayo ni tamu kwa rumba. Kuna Gibson SG iliyoletwa na binamu yangu kutoka Marekani mwaka 2016. Hiyo ilinigharimu Sh140,000. Kichwa chake kiliwahi kukatika pale kinapoungana na shingo, kikagundishwa, na hadi leo kinashikilia vizuri. La tisa halina jina. Liliungwa kwa mkono na fundi mmoja wa huku kwa mbao za mvule na koili, yaani zile nyaya zinazonasa mlio wa nyuzi, alizozisuka mwenyewe.

Nikisema kweli, ninayoyapiga ni mawili: Telecaster na ile Yamaha ya zamani. Wikendi tunapiga kwenye harusi na matanga, na wenzangu wananiita Solo. Hata wanafunzi wamelijua jina hilo. Stratocaster ya kaka sijaitia nyuzi mpya tangu tumzike.

Sasa amejitokeza mtu wa Nakuru mwenye studio. Anatoa Sh240,000 kwa yote tisa. Anataka yote, pamoja na ile nyekundu, hataki kuchagua, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa hizo zingenisaidia sana na karo ya Maseno. Wakati huohuo mtoto wa kaka, ambaye ni fundi wa umeme Ugunja, aliniuliza mwaka jana kama gitaa la babake bado lipo. Nikamwambia lipo. Hatukuendelea.

Nikiyatazama yale magitaa naona ni ubinafsi mtu mzima kuyatengea chumba huku mjukuu akilala kwenye kochi. Lakini nikijiwazia nimebaki na gitaa moja, najiona nimekuwa mzee tu ambaye zamani alikuwa akipiga muziki. Niuze yote? Nipunguze? Nikipunguza, nianzie wapi?

Solo, Kisumu


JIBU

Mwalimu, asante kwa barua yako. Hakuna aliyecheka hapa. Marehemu mjomba wangu alikuwa akipiga ridhim, na nilikua nikijua kuwa kuna pembe moja ya nyumba ambayo watoto hawaiegemei.

Kama nimekuelewa, una haja tatu zilizofika kwa wakati mmoja. Mjukuu anahitaji mahali pa kulala, kitinda mimba anahitaji karo, na wewe unaogopa kustaafu mara mbili, kazini na jukwaani. Mtu wa Nakuru ameleta jibu moja kwa yote matatu, na jibu moja kwa mambo matatu huvutia sana mtu aliyechoka kuwaza. Ningependa tuyatenganishe kwanza.

Nimeisoma barua yako tena nikitafuta mahali mke wako aliposema uuze. Sikupaona. Alichouliza ni mtoto atalala sebuleni hadi lini. Wewe ukasikia magitaa, kwa sababu ndiyo unayoyahofia. Inawezekana kabisa kwamba alimaanisha hayo, mke huwa na njia zake za kusema. Lakini sikiliza tena yale maneno "hadi lini". Mama ambaye binti yake amerudi na mtoto mchanga ana sababu nyingi za kuuliza hadi lini. Je, binti anakaa au anarudi kwa mumewe? Wakwe wamesema nini? Nyinyi kama wazazi mna msimamo gani? Huenda alikuwa akikufungulia mazungumzo ya ndoa ya binti yenu, nawe ukaenda kuyahesabu magitaa. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui, na kumwuliza ni bei rahisi kuliko Stratocaster.

Hata tukichukulia kwamba anataka chumba, kutoa chumba na kuuza magitaa ni mambo mawili. Chumba kinaweza kuachwa Jumamosi hii bila gitaa hata moja kubadilisha mwenyewe. Gitaa la umeme ni jembamba, mwili wa Stratocaster haufiki hata sentimita tano kwa unene. Mawili yakiwa kwenye mikoba migumu yataingia chini ya kitanda chenu, mengine juu ya kabati, na lile unalolipiga linaweza kuning'inizwa ukutani sebuleni, juu kuliko mkono wa mtoto anayejifunza kusimama. (Amplifaya hujazitaja hata kidogo. Mtu wa magitaa tisa hana amplifaya moja, na nashuku hizo ndizo zinazokula nafasi.)

Njia hiyo nayo ina hasara zake, usidhani ni ya bure. Ninyi wa Kisumu mnapumua ziwa. Mbao za gitaa hupenda hewa yenye unyevu wa kadiri ya asilimia 45 hadi 55. Zaidi ya hapo shingo huanza kujipinda na vyuma kushika kutu, na ukutani ni vizuri kuchagua ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua kwa nje. Kama mpango wa baadaye ni kuhamia nyumba ya mashambani yenye bati lisilo na dari, basi joto la mchana litayatesa kuliko unyevu. Gitaa lililofichwa juu ya kabati miaka minne bila kuguswa linaweza kutoka likiwa na thamani ndogo kuliko lilivyoingia. Kwa hiyo kuhamisha kunakununulia muda wa kufikiri, basi.

Nije kwa kaka yako, na hapa nitakwenda polepole.

Aliposema "Litunze hili", hakusema kwa muda gani wala kwa ajili ya nani. Wewe umejaza hapo. Umeelewa kwamba usiliguse, usilitie nyuzi, usilipige, usiliachie. Hiyo ni njia moja ya kutunza. Kuna nyingine: kulitia nyuzi, kulipeleka Jumamosi kwenye harusi na kulipiga. Ya tatu ni kulitunza hadi mwanawe awe mtu mzima wa kulishika. Sasa huyo mwana ana kazi yake Ugunja, na ni yeye aliyekuuliza. Mtu hawezi kuuliza "bado lipo?" baada ya miaka yote hiyo kwa sababu hana la kusema. Ukamjibu lipo, mkaachia hapo.

Unaona, Mwalimu, kuna mazungumzo matatu katika barua yako, na yote matatu yamekatwa yakiwa na sentensi moja: la kaka, la mwanawe, na la mke wako. Kati ya hao, wawili wanapatikana kwa simu leo.

Ukimwuliza kijana huyo, jiandae kwa jibu lolote. Anaweza kusema analitaka, nawe ukaliona likiondoka mlangoni. Anaweza kulichukua na kuliuza mwezi ujao, na itakubidi umeze mate. Anaweza kusema, "Baba mdogo, kaa nalo, nilitaka tu kujua." Au aseme uuze mgawane, na hapo utagundua kama ulikuwa umeliweka kwa ajili yake au kwa ajili yako. Ukiwa hujamwuliza, ukaliuza Nakuru, siku atakapouliza tena utajibu nini? Katika barua nzima, hiyo ndiyo sehemu ya mpango inayonitia wasiwasi. Mengine yote unaweza kuyapata tena ukijaliwa pesa.

Kuna jambo jingine uliloandika bila kulisisitiza. Kaka alipofariki ulikuwa na magitaa mawili. La kwake likawa la tatu. Sita yamekuja baadaye. Mimi si daktari wa mioyo na inawezekana sababu ni nyepesi tu: mshahara ulipanda, watoto wakatoka nyumbani, ukapata nafasi. Lakini nakuomba ujiulize kimya kimya uliponunua la nne na la tano ulikuwa unatafuta sauti gani. Kama ilikuwa sauti ya rumba kwa lile lenye tumbo la uwazi, au ule uzito wa koili pacha wa SG, basi hiyo ni sababu ya mwanamuziki na kila gitaa lina kazi yake. Benga inataka ile sauti kavu na kali ya koili moja, solo ikimfuata mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, na nyuzi zake nane, na gitaa la rumba halikupi hiyo. Mwanamuziki anaweza kuhitaji magitaa manne bila kuwa mbinafsi. Ila kama ulikuwa unamtafuta kaka, la kumi nalo halitamleta, na kuyauza yote kwa mkupuo mmoja kunaweza kukuumiza kwa namna ambayo hukuitarajia, kama kumzika tena. Nenda taratibu na hilo.

Umeuliza ukipunguza uanzie wapi. Watu wengi huanza na ya bei ya chini kwa sababu hayaumi. Squier mbili zikiondoka utapata nafasi ndogo na pesa ndogo, na karo itabaki palepale. Wengine huanza na lenye bei kubwa, SG kwa mfano, maana gitaa moja linafanya kazi ya matano. Mimi ningekuuliza swali tofauti: ni yapi yanasema neno lilelile? Stratocaster na Squier ni jamaa wa karibu, kama hizo Squier ni za umbo la Stratocaster. Yatie yote nyuzi mpya, hata yale unayodhani utayauza, kisha kila wikendi nenda kazini na moja usilolizoea. Wenzako wa bendi watakwambia bila kuulizwa ni lipi limewapa raha. Nyuzi mpya pia si hasara. Hakuna mnunuzi anayelipa vizuri gitaa lenye kutu.

Sasa pesa. Sh240,000 kwa magitaa tisa, na moja kati yake ulilinunua Sh140,000. Anayenunua kwa jumla hulipia unafuu wako wa kutohangaika, na wakati mwingine unafuu huo unastahili. Ukiuza moja moja huenda ukapata zaidi, lakini utapokea simu za watu wasionunua, utaketi na wageni nyumbani penye mtoto mchanga, na utakutana na wale wanaokuonyesha ujumbe wa M-Pesa ambao haukutoka M-Pesa. Kagua salio lako mwenyewe kabla gitaa halijavuka kizingiti, na kutaneni mahali pa watu wengi. SG usifiche kwamba kichwa kilikatika. Magitaa ya Gibson yanajulikana kwa kuvunjika hapohapo, mnunuzi anayejua atapapasa nyuma ya shingo kabla hata hajaliunganisha na amplifaya, na ukimwambia mapema bei itashuka lakini mazungumzo hayatavunjika.

Iwapo utafikiria kumtumia binamu wa Marekani akuuzie huko, jua kwamba mbao za jamii ya Dalbergia, ambazo hutumiwa sana kwa uso wa shingo, ziliwekewa masharti ya vibali vya kimataifa mwaka 2017. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa, isipokuwa zenye ile mbao ya Brazili iitwayo Dalbergia nigra. Magitaa yako ya kisasa yana uwezekano mdogo wa kuwa na hiyo. Usafiri tu ndio utakaokula faida.

Kuazima? Vijana wa kanisa watafurahi. Andikeni karatasi, na uwe umekubali moyoni kwamba litarudi na mkwaruzo.

Na kutouza kuna gharama, nisije nikakufanya uone kwamba kusubiri ni bure. Karo ya muhula ujao haisubiri kiinua mgongo cha miaka miwili ijayo. Ukiijaza kwa mkopo, riba ni bei ya magitaa pia, ila tu huioni ikining'inia ukutani. Kaa na mke wako mpige hesabu hiyo kwa kalamu: karo iliyobaki hadi amalize, kinachotoka kwenye mshahara, na pengo. Pengo likiwa Sh60,000 ni habari moja. Likiwa Sh300,000, hata mtu wa Nakuru hakuokoi.

Kuhusu jina. Unasema ukibaki na moja utakuwa mzee aliyewahi kupiga. Nakuelewa, na sitakwambia hofu hiyo ni ya kitoto. Mwalimu akistaafu huacha jina moja getini, na ni halali kuogopa kuacha la pili. Lakini wanaokuita Solo wamekusikia ukipiga Telecaster na Yamaha. Yale saba hawajayasikia. D.O. Misiani, nguli wa benga aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, alikuwa bado ni mwanamuziki wa jukwaa alipofariki kwa ajali ya barabarani hapo kwenu Kisumu mwaka 2006, na alikuwa amevuka umri ulio nao sasa. Benga si mchezo wa vijana peke yao. Swali ambalo barua yako haijibu ni kama baada ya kustaafu bendi itaendelea, mtafanyia wapi mazoezi, na kama utahamia mashambani utafikaje kwenye maonyesho. Huenda hofu yako inahusu hayo zaidi ya idadi.

Mtu wa Nakuru anataka jibu mwisho wa mwezi. Hiyo ni tarehe yake. Unaweza kumpigia na kumwuliza kama atachukua manane bila lile jekundu, au matano utakayoyachagua wewe, na kwa bei gani kila moja. Akikataa, utakuwa umejua anachokifuata hasa ni kipi. Akikubali, bado hujalazimika kusema ndiyo. Unaweza kumwambia kwamba kuna mtu Ugunja lazima uzungumze naye kwanza.

Niandikie tena ukipenda. Na utakapoandika, niambie binti yako anasemaje. Kila mtu katika barua yako ana maoni kuhusu mahali atakapolala na mwanawe, hata mwenye studio asiyemjua, lakini sijaona popote kwamba yeye mwenyewe ameulizwa kama anataka kile chumba, au kama anapanga kukaa.